Shajara ya mradi: kukokotoa upya valvu ya usalama ya mvuke kwenye kiwanda cha alizeti, Singida

Naiweka shajara hii kwa ajili ya mafundi na wahandisi wenye boila ndogo inayolisha vyombo vya presha ya chini: vipikio vya mbegu, matangi ya sabuni, masufuria ya koti, vikaushio. Hesabu zimeandikwa zote ili anayetaka abadilishe tarakimu zake na kuzitumia.

10 Februari 2025: Tulichokikuta

Boila yetu ni ya mirija ya moto, inachoma maganda ya alizeti na inatoa kilo 2,000 za mvuke kwa saa. Inafanya kazi kwenye bar 8, na valvu zake zenyewe za usalama zimewekwa zifunguke bar 10. Hizo zina vyeti na hazimo kwenye mradi huu. Kazi yetu iko mbele zaidi. Mvuke ukitoka kwenye hedari (bomba kuu la kugawa mvuke) unapita valvu ya kupunguza presha, unashuka hadi bar 3, kisha unaingia kwenye makoti (kuta za nje zinazobeba mvuke kuzunguka chombo) ya vipikio viwili vya mbegu. Kibao cha kila kipikio kinasema koti linaruhusiwa kubeba bar 4 na si zaidi.

Kwa hiyo kati ya bar 10 na koti la bar 4 ipo valvu ya kupunguza peke yake, na siku ikikwama wazi, kinachobaki ni valvu ya usalama iliyofungwa baada yake. Tuliyoikuta ni ya shaba, ya nyuzi, inchi robo tatu. Haina kibao cha mtengenezaji. Kwenye kofia mtu ameandika kwa rangi nyeupe "4B". Chini yake imewekwa bol valvu ili ibadilishwe bila kuzima mvuke, na mpini wa bol valvu hiyo ulikuwa umegeuzwa karibu nusu ya safari ya kufunga. Bomba la kutolea ni robo tatu ileile, linapanda mpaka juu ya paa likiwa na elbo tatu.

Nilipouliza kwa nini robo tatu, nikajibiwa kwamba tii iliyopo ni ya robo tatu. Jibu hilo nimelikuta kwenye viwanda vingi na linaniudhi kila mara. Ukubwa wa valvu ya usalama unatokana na kilo za mvuke zinazopaswa kutoka kwa saa. Tii ndiyo hukatwa na kubadilishwa ili kuifuata valvu.

Vipikio vimesimamishwa leo hii. Mavuno mapya yanaanza kuingia Mei, kwa hiyo nafasi ipo ya kuifanya kazi kwa utaratibu.

17 Februari 2025: Kanuni zipi, na mvuke kiasi gani

Kwa kukokotoa tunatumia API 520, ya Taasisi ya Petroli ya Marekani. Matukio yanayoweza kupandisha presha tunayachambua kwa API 521. Herufi zinazotaja ukubwa wa tundu la valvu, na eneo la kila tundu, ziko kwenye API 526, na kupima uvujaji wa kiti kuko kwenye API 527. Koti la kipikio ni chombo cha presha, kwa hiyo linaangukia Sehemu ya VIII ya kanuni za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani: likiwa na valvu moja, presha isipande zaidi ya asilimia 10 juu ya kiwango kinachoruhusiwa. Boila ina Sehemu yake, ya I, na huko kikomo ni asilimia 6. Tukio la moto wa nje lina asilimia 21. Tarakimu hizi tatu huchanganywa sana. Ukiona mtu ametumia 21 kwa valvu ya kupunguza iliyokwama, mrudishie karatasi yake.

Tumepitia matukio. Moto wa nje ni mdogo hapa: kinachobaki kwenye makoti ni maji kidogo ya mvuke uliopoa, na hatutumii kiyeyushi, tunakamua kwa mashine. Kufungwa kwa matokeo ya koti hakuongezi presha kuliko ile inayoingia. Tukio linaloamua kila kitu ni valvu ya kupunguza kukwama ikiwa wazi kabisa.

Ile iliyopo ni DN40 (ya bomba la milimita 40 hivi) yenye Kvs 20. Kv ni kipimo cha uwezo wa valvu kupitisha, na Kvs ni Kv yake ikiwa wazi kabisa. Kwa mvuke uliokolea, pale presha ya mbele (baada ya valvu) inapokuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 42 ya presha ya nyuma (kabla ya valvu), zote zikipimwa kwa bar kamili, yaani pamoja na presha ya hewa, mtiririko unakuwa umefika kikomo, na hesabu ni rahisi: kilo kwa saa = 12 × Kv × presha ya nyuma. Presha ya nyuma nimeichukua ile ya valvu za boila, bar 10, kwa sababu mtu asiyejali anaweza kuichochea boila mpaka pale. Singida iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,500, na hewa hapa ina presha ya bar 0.85 hivi, siyo 1.013 ya pwani. Basi 10 + 0.85 = 10.85. Upande wa chini ni bar 4 na ile asilimia 10 juu yake: 4.4 + 0.85 = 5.25. Presha imeshuka asilimia 52, kikomo kimefikiwa, na jibu ni 12 × 20 × 10.85 = kilo 2,604 kwa saa.

Meneja wa uzalishaji alihoji, na alihoji vizuri: boila inatoa 2,000, hizo 604 zinatoka wapi? Zinatoka kwenye maji ya moto yaliyomo ndani ya boila. Presha ikishuka kutoka bar 10 hadi 8, karibu asilimia 1.9 ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo. Tuna tani 4 za maji, kwa hiyo hizo ni kilo 75 hivi, zinazotosha kubeba ziada ya kilo 604 kwa saa kwa dakika saba. Koti la kipikio linahitaji sekunde chache tu kujaa. Nimeiacha 2,604 kama ilivyo.

24 Februari 2025: Hesabu ya kwanza, na bomba la pembeni

Mlinganyo wa mvuke kwenye API 520, ambao asili yake ni wa Napier, kwa vipimo vya metriki ni huu:

A = 190.5 × W ÷ (P1 × Kd × Kb × Kc × KN × KSH)

A ni eneo la tundu kwa milimita za mraba, W ni kilo kwa saa, P1 ni presha kamili ya wakati wa kutoa kwa kilopaskali (bar 1 ni kilopaskali 100). Kd ni 0.975 kwa makadirio. Kb ni ya presha inayorudi kutoka bomba la kutolea, na kwa valvu ya kawaida inayotolea hewani ni 1. Kc ni 1 kwa kuwa hakuna bamba la kupasuka chini ya valvu. KN ni 1 kwa presha ndogo kama zetu. KSH ni ya mvuke uliopashwa kupita kiasi. Baada ya kupunguzwa presha mvuke wetu unabaki na joto la ziada la nyuzi kumi na kitu, ambalo ni dogo, nami nimeiweka 1.

P1 = 400 × 1.1 + 85 = 525. Basi A = 190.5 × 2,604 ÷ (525 × 0.975) = milimita za mraba 969.

Bomba la robo tatu lina kipenyo cha ndani cha milimita 20.9, yaani eneo la 343. Hata kama valvu ya zamani isingekuwa na kiti wala kisahani ndani, bomba tupu, kwa mlinganyo huohuo isingefikisha kilo 1,000 kwa saa. Hapo hatujaitaja ile bol valvu iliyofungwa nusu.

Herufi za API 526 zilizo jirani ni J (830), K (1,186) na L (1,841). J haitoshi. K inatosha, nayo huja kama 3K4: inchi tatu kuingia, inchi nne kutoka. Profoma tuliyoletewa ya 3K4 ilikuwa shilingi milioni 6.2 kabla ya mabomba. Bosi alikunja uso, nami niliona ana haki, lakini si kwa sababu ya bei.

Kilichonisumbua ni bomba la pembeni, lile linalozunguka valvu ya kupunguza ili kazi iendelee wakati inafanyiwa matengenezo. Limefungwa geti valvu ya inchi moja na nusu. Ikifunguliwa wazi, inapitisha mara kadhaa ya kile kinachopitishwa na valvu ya kupunguza yenyewe. ASME B31.1, kanuni ya mabomba, inaruhusu bomba la pembeni la mkono endapo uwezo wake hauzidi ule wa valvu ya kupunguza na upande wa chini umelindwa. Letu halikidhi hata sharti la kwanza, kwa hiyo hata 3K4 isingetuokoa.

3 Machi 2025: Kupunguza chanzo kwanza

Kabla ya kununua valvu kubwa ya usalama, inafaa kuuliza kwa nini mvuke mwingi hivyo unaweza kuingia. Vipikio vyote viwili vikianza baridi kwa pamoja vinakula kilo 750 kwa saa. Vikishapata moto ni chini zaidi. Kwenye bar 8 ya kawaida, valvu ya Kvs 20 inaweza kupitisha zaidi ya 2,100. Ilikuwa kubwa karibu mara tatu ya hitaji. Ndiyo maana mafundi wamekuwa wakilalamika kwamba presha ya vipikio inayumba na kiti cha valvu kinalika mapema: valvu kubwa inayofanya kazi ikiwa imefunguka kidogo hukatwa na mvuke kama kwa kisu.

Tumeamua kuweka valvu ya kupunguza ya DN25 yenye Kvs 8. Kwenye bar 8 inapitisha 12 × 8 × 8.85 = kilo 850, inatosha. Ikikwama wazi huku boila ikiwa bar 10, inapitisha 12 × 8 × 10.85 = kilo 1,042. Kwa kubadilisha kifaa kimoja, mzigo wa valvu ya usalama umeshuka kutoka 2,604 hadi 1,042.

Bomba la pembeni lilileta mjadala mrefu zaidi kuliko yote. Pendekezo la kwanza lilikuwa kubadilisha geti valvu kwa globu valvu ya DN20 yenye Kv 5 na kuifunga kwa kufuli. API 521 haikulazimishi kujumlisha matukio mawili yasiyohusiana, na watu wawili mezani waliishika hoja hiyo: valvu kukwama ni tukio moja, mtu kufungua bomba la pembeni ni jingine. Sikukubali kwamba hayahusiani. Bomba la pembeni hufunguliwa pale hasa valvu ya kupunguza inapoleta matatizo. Fundi wa zamu ya usiku anaona presha ya vipikio iko chini kwa sababu kichujio kimeziba, anafungua pembeni. Kichujio kikiachia, vyote viwili viko wazi. Ukijumlisha, 1,042 + 651 = 1,693, na tundu linalotakiwa ni milimita za mraba 630. Hapo tunarudi kwenye J.

Tukachagua kuliondoa kabisa. Limekatwa na kuchomelewa vifuniko pande zote mbili. Badala yake stoo itakuwa na seti kamili ya vipuri vya valvu ya kupunguza: diafragmu, kiti, kisahani, gasketi. Kubadilisha kunachukua muda wa chakula cha mchana, na katika muda huo vipikio vinasimama. Meneja wa uzalishaji alisaini akiwa hajafurahi sana, lakini alisaini.

12 Machi 2025: Hesabu ya pili

A = 190.5 × 1,042 ÷ (525 × 0.975) = milimita za mraba 388. G ni 325, haitoshi. H ni 506, inatosha. Huja kama 1½H3 kwa flenji za daraja la 150. Uwezo wake kwa mlinganyo huohuo ni kilo 1,360 kwa saa.

Kuhusu mwinuko: ningetumia 101.3 ya usawa wa bahari, jibu lingekuwa 376 badala ya 388. Tofauti ni asilimia 3. Hapa haikubadilisha herufi, lakini valvu ya presha ndogo zaidi, tuseme inayofunguka bar 1, ingeguswa kwa asilimia 8. Mlio Njombe, Mbeya au Arusha, msinakili 101.3 kutoka kwenye kitabu.

Jambo moja linalovuruga karatasi nyingi ninazoletewa kuangalia. Kd ya 0.975 na maeneo ya API 526 ni vya kukadiria na kuchagua herufi, navyo hutumika pamoja. Valvu halisi ina eneo lake halisi na kizidishi chake kilichothibitishwa kwa majaribio, ambacho kanuni za ASME hukikata asilimia 10 kabla ya kukiandika kwenye cheti. Hivyo navyo hutumika pamoja. Ukichukua eneo halisi, ambalo kwa kawaida ni kubwa kuliko la API 526, ukalizidisha kwa 0.975, umejipa uwezo usiokuwepo. Kwa valvu tuliyoagiza, cheti kinasema kilo 1,380 kwa saa kwenye bar 4 na ziada ya asilimia 10, kwa hewa ya usawa wa bahari. Kwa hapa nimezidisha kwa 525 ÷ 541.3, ikawa 1,338. Inaizidi 1,042 vizuri.

Je, tungechukua kubwa zaidi kwa usalama zaidi? Hapana. Valvu ya aina hii huanza kugongagonga pale mtiririko unapokuwa chini ya takriban robo ya uwezo wake: inafunguka, presha inaanguka, inafunga, inafunguka tena, mara nyingi kwa sekunde, hadi kiti kinaharibika. Mvuke ukiwa 1,042 kwenye uwezo wa 1,338, tuko mahali pazuri.

26 Machi 2025: Mabomba ya kuingia na kutoka

Hapa ndipo valvu nzuri huharibiwa. Kanuni ni kwamba presha inayopotea kati ya chombo na valvu isizidi asilimia 3 ya presha ya kufungukia, ikikokotolewa kwa uwezo wote wa valvu, si kwa mzigo tu. Kwetu asilimia 3 ya 400 ni kilopaskali 12.

Mchoro wa kwanza wa kontrakta ulitumia bomba la DN40, urefu mita 1.2, elbo moja, ili valvu ikae pembeni pasipogongwa na magunia. Kwa kilo 1,360 mvuke unakimbia zaidi ya mita 100 kwa sekunde ndani ya DN40. Kuingia, elbo na msuguano vikijumlishwa vinakula kilopaskali 26, yaani asilimia 6.6. Valvu ingefunguka, ikaona presha imepotea, ikafunga. Huko ni kugongagonga kulekule nilikokusema, ila safari hii kumetengenezwa na bomba.

Mchoro wa pili: kipande cha DN50 kilichonyooka, sentimita 30, kimechomelewa moja kwa moja juu ya bomba kuu la presha ya chini, na redyusa (kipunguza kipenyo) fupi ya kushuka DN40 chini ya flenji ya valvu. Mwendo unashuka hadi mita 64 kwa sekunde, na upotevu wote ni kama kilopaskali 5, asilimia 1.2. Magunia yamehamishiwa upande mwingine wa ukuta. Hakuna koki ya aina yoyote chini ya valvu.

Bomba la kutoka ni DN80, mita 6, elbo mbili. Kwa valvu ya kawaida, presha inayojengeka kwenye bomba la kutolea wakati mvuke unatoka isizidi asilimia 10 ya presha ya kufungukia, kwetu kilopaskali 40. Nimepata kama 22. Inaruhusiwa, lakini kumbukeni kuwa kila elbo inayoongezwa baadaye inaila nafasi hiyo, na ile kofia ya mvua ya bati wanayopenda kuifunga juu ya paa inaila zaidi. Tumekata mwisho wa bomba mshazari na kuacha wazi.

Maji ya mvua na ya mvuke uliopoa lazima yawe na pa kutokea. Bomba la zamani halikuwa na tundu la kumwaga maji hata moja. Tulipolifungua lilitoa maji meusi ya kutu, na kisahani cha valvu kilikuwa kimegandia kwenye kiti. Bomba jipya limepata mrija wa milimita 15 sehemu ya chini kabisa, bila koki, unaoelekea kwenye mfereji pasipopita mtu.

Nguvu ya mrejesho wakati wa kutoa nimeikokotoa kwa mlinganyo wa API 520 Sehemu ya II: kama nyutoni 180, sawa na uzito wa kilo 18 unaosukuma kwa ghafla. Si kubwa, ila bomba la kutolea limepata vishikizo vyake kwenye ukuta ili uzito wake na nguvu hiyo visiegemee mwili wa valvu.

9 Aprili 2025: Mzigo umefika, herufi siyo

Kasha lilifunguliwa stoo. Flenji ya kuingilia ni inchi moja na nusu kama tulivyoagiza, presha ya kufungukia bar 4, rangi mpya, lakiri ya risasi ipo. Kwenye kibao, namba ya modeli ina G katikati badala ya H. Kwa macho huwezi kutofautisha. Mwili unaweza kuwa uleule kabisa, tofauti iko kwenye nozeli ndani. Uwezo uliopigwa kwenye kibao ulikuwa chini ya kilo 900 kwa saa.

Msambazaji alisema G "inatosha kwa boila ya tani mbili". Nilimtumia karatasi ya hesabu na mstari wa API 526. Alikubali kuirudisha, usafiri wa kurudi ukawa juu yake, na H ikachukua wiki mbili zaidi kufika. Shaurini kitu kimoja na watu wenu wa manunuzi: oda iandikwe herufi ya tundu, presha ya kufungukia, aina ya mvuke na uwezo kwa kilo kwa saa. Oda inayosema "sefti valvu inchi moja na nusu" itajibiwa na chochote chenye inchi moja na nusu.

30 Aprili 2025: Benchi

H imefika na imepelekwa karakana yenye benchi la kupimia valvu kwa hewa kabla ya kufungwa. Kwa presha za kufungukia zisizozidi 70 psi (pauni kwa inchi ya mraba), Sehemu ya VIII inaruhusu kupishana kwa 2 psi, yaani kilopaskali 15 hivi juu au chini. Yetu ni 58 psi, kwa hiyo ifunguke kati ya 385 na 415.

Jaribio la kwanza ilifunguka 430. La pili 390. La tatu 425. Fundi wa benchi alishika spana akitaka kulegeza springi, nikamwomba asubiri, kwa sababu valvu mpya haichezi hivyo. Tuliangalia geji: ilikuwa ya bar 0 hadi 25, na kila kistari kilikuwa nusu bar. Tulikuwa tunabahatisha katikati ya vistari. Ikaletwa geji ya bar 0 hadi 6 yenye cheti cha mwaka huu. Majibu yakawa 402, 404, 403. Springi haikuguswa na lakiri ya mtengenezaji imebaki ilivyo.

Kisha uvujaji. API 527 inataka hewa kwenye asilimia 90 ya presha ya kufungukia, 360 kwetu. Flenji ya kutokea inazibwa, mrija mwembamba unatoka ndani yake, ncha yake inazamishwa milimita 12.7 chini ya uso wa maji, na unahesabu mapovu kwa dakika. Kwa kiti cha chuma na tundu kubwa kuliko F kikomo ni mapovu 20. Tulikaa kimya tukiangalia kikombe: povu moja liling'ang'ania kwenye ncha ya mrija, likanenepa, halikuachia hadi dakika ikaisha. Imepita.

8 Mei 2025: Kufunga, na chembe moja ya chuma

Vipikio vyote viwili vilipimwa kwa maji kwanza, bar 5.2, ambayo ni mara 1.3 ya bar 4. Hakuna kilichotoa jasho.

Valvu ikafungwa, mvuke ukaletwa bar 3, na ndani ya saa moja mrija wa milimita 15 ukaanza kutoa uzi wa mvuke. Kwenye bar 3 valvu iliyopita benchi haitakiwi kuvuja. Ikateremshwa. Kwenye kiti palikuwa na chembe ya takataka ya kuchomelea, ndogo kuliko punje ya mtama, imebonyeza alama kwenye uso uliosuguliwa kama kioo. Kipande kipya cha DN50 kilichomelewa na kupigwa brashi, lakini hakikupulizwa kwa mvuke kabla ya valvu kukaa juu yake. Kiti na kisahani vimesuguliwa upya karakana, benchi limerudiwa (403, mapovu mawili), na safari hii bomba lilipulizwa wazi kwa dakika kadhaa, watu wakiwa mbali, kabla ya kufunga. Kupuliza kungechukua asubuhi moja. Kutopuliza kumegharimu wiki na laki tatu na nusu.

20 Mei 2025: Jaribio la mvuke, gharama, na yaliyobaki

Benchi ni la hewa baridi, kazi ni ya mvuke, kwa hiyo tumethibitisha mahali pake. Makoti yakiwa tupu na mbegu hazimo, tuliipandisha valvu ya kupunguza polepole, mtu mmoja kwenye geji, mmoja kwenye koki kuu, wengine nje ya jengo. Ilifunguka bar 4.05 kwa mshindo mmoja, ikabaki wazi bila kutetemeka, ikafunga kwenye 3.75. Tukarudia. Sauti ilikuwa ileile, na mrija wa chini ukakauka.

Gharama kwa shilingi: valvu ya kupunguza DN25 milioni 2.9, valvu ya usalama 1½H3 milioni 3.4, vipuri vya stoo 420,000, mabomba, flenji, boliti na kuchomelea 780,000, benchi la kwanza 250,000, kusugua na benchi la pili 350,000, usafiri 60,000. Jumla milioni 8.16. Profoma ya 3K4 peke yake ilikuwa 6.2, na ingetuachia valvu ya kupunguza inayolika na bomba la pembeni lililo wazi.

Mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, aliomba karatasi ya hesabu, cheti cha valvu na majibu ya benchi. Vimewekwa kwenye faili moja na nakala iko ofisini kwa fundi mkuu.

Limebaki jambo moja, nalo nimelifanyia kibao cha alumini kilichofungwa kwa waya kwenye bomba, karibu na valvu ya kupunguza: "Kvs ya valvu hii isizidi 8. Ukibadilisha, kokotoa upya valvu ya usalama." Hesabu yote hapo juu imesimama juu ya hiyo 8. Siku vipikio vya tatu na vya nne vitakapokuja, na bosi ameshaanza kuvitaja, mtu atataka kurudisha DN40, na H itakuwa ndogo siku hiyohiyo. Valvu itateremshwa kwenda benchi tena baada ya msimu, kabla ya mvua za Novemba.